Mawese Kwenye Feni ya Kaka Iddi

Tangu asubuhi mama zangu wadogo kwa wakubwa wamejaa uani wanakaanga. Mawese ya kwanza yalipomiminwa kwenye sufuria na kushika moto, harufu yake ilipanda mpaka dirishani kwangu, na binamu zangu wote waliokuwa wamejilaza kitandani wakaanza kumeza mate na kutaja migebuka, wale samaki wa ziwa letu. Mimi nikacheka peke yangu. Mama mkubwa, aliyekuwa amekuja kuchukua ungo, akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia nimekumbuka kompyuta. Akaniwekea mkono shingoni kuona kama nina homa.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa, maana kila mmoja wetu ana ndugu mmoja ambaye akimkumbuka meno yanasagana. Watu husema kusamehe ni kuzuri, na kweli, mimi nimeshawasamehe wengi. Kaka Iddi yuko kwenye foleni, na foleni yenyewe haitembei. Jumamosi anaoa. Hicho kinachokaangwa huko uani ni chakula cha shughuli yake, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupamba ukumbi. Ngoja niwape habari kabla sijaanza kupamba.

Kompyuta yetu ilikuja nyumbani ikiwa tayari mzee. Baba aliitoa kwenye ofisi moja ya mjini iliyokuwa inafungwa, akaileta Ujiji kwa mkokoteni, kioo amekipakata mwenyewe kama mtoto mchanga. Ikawekwa sebuleni, na kabla haijapumzika na safari Mama akaivisha. Mnazijua sebule za kwetu, kitu cha umeme hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, friji ina chake, vyote vimeshonwa kwa mkono na kutiwa maua pembeni. Ile sipiyu, yaani lile boksi lenyewe, ilipata kikubwa kuliko vyote: cha njano, chenye ndege wawili wanaotazamana, kimeshuka mbele na nyuma mpaka chini kama kanga ya bi harusi. Hakuna aliyeruhusiwa kukiondoa. Ukitaka kuwasha kompyuta unapitisha mkono kwa chini, kwa adabu, kama unayetafuta kuku kwenye kiota.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuzisemea muvi. Nachukua muvi ya Kichina, naizima sauti, naweka yangu. Hapo nilikuwa darasa la tano tu. Nilianza kwa ajili ya Bibi, mama yake Baba, ambaye macho yalikuwa yameshaingia ukungu na televisheni kwake ilikuwa makelele ya watu asiowaona. Basi nikawa namsimulia, na baadaye nikajifunza kurekodi. Jenerali wa Kichina anamfokea askari wake kwa Kiha kwa sababu ameacha dagaa wakanyeshewa. Binti mfalme anakataa posa kwa kuwa mwanamume ananuka petroli ya boti. Bibi alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu, anasema, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "huyo ni jirani yetu kabisa." Jioni majirani walikuja na vigoda vyao. Nilikuwa na mashabiki kabla sijaota jino la mwisho.

Shida ilikuwa kompyuta yenyewe. Unaiwasha, unaenda kuchota maji, unarudi, bado inafikiri. Nikirekodi, sauti inakatika katikati ya neno, jenerali anabaki mdomo wazi kama aliyekabwa na mwiba. Nililia kwa Baba kiasi kwamba akachoka. Baba ni fundi wa mashine za boti kule Bangwe, na kwake kompyuta ilikuwa kitu cha kutiliwa shaka. "Mashine isiyotiwa mafuta siielewi," alikuwa akisema, akiizunguka kwa mbali. Lakini aliagiza vifaa, vikaja na treni vimefungwa kwenye boksi la sabuni, na kazi ya kuvifunga akapewa Kaka Iddi.

Iddi ni mtoto wa Baba mkubwa wa Kasulu. Alikuwa anakaa kwetu ili asome kompyuta kwenye chuo kimoja cha mjini. Miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Marashi unayasikia kabla hujamwona. Nilimpenda, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Siku ile alitandika gazeti sakafuni, akakikunja kitambaa cha ndege kwa heshima zote, akafungua sipiyu. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka, limeshikana na magamba ya dagaa yaliyopeperushwa kutoka uwanja wa jirani anakoanika. Nilishika kifuniko chenye skrubu, yeye akanifundisha. Hivi vijiti vilivyofanana na rula fupi ni RAM, akasema, hii ni meza ya kazi. Meza ikiwa kubwa unatandaza mambo mengi. Hiki kipande kidogo kuliko biskuti ni prosesa, huyu ndiye mtu mwenyewe anayefanya kazi. Na hili feni kubwa lenye mabomba ya shaba ni la kumpepea huyo mtu asizimie. Kisha akatoa bomba dogo, akaminya kitu cheupe juu ya prosesa.

"Hii ni dawa," akaniambia. "Bila dawa anapata homa. Na unaweka kidogo tu, kama punje ya mchele."

Kompyuta ilipowashwa iliamka kabla sijakaa vizuri. Nilirekodi muvi nzima bila jenerali kukabwa hata mara moja. Bibi akamwombea Iddi dua ndefu, akasema mikono yake isipungukiwe. Nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko watu wote. Dua hiyo nimeshaiomba irudishwe.

Kiangazi kikaingia, Iddi akaenda Kasulu likizo. Joto la sebuleni likawa la tanuri, na kompyuta ikaanza kuugua. Inaanza vizuri, halafu feni inalia kama mtoto, halafu pu, imezima. Ukiigusa ubavuni, kwa juu ya kitambaa, inachoma. Sikuwa na haja ya kuuliza mtu, homa naijua. Nyumbani kwetu mtoto akichemka, Bibi hampeleki popote kabla hajampaka mawese kifuani na mgongoni, mengi, mpaka anang'aa kama samaki wa kukaanga. Sisi wote tumepakwa, na sisi wote tuko hai. Na Baba si alisema hajawahi kuielewa mashine isiyotiwa mafuta? Kwangu mimi wataalamu wawili walikuwa wameshakubaliana.

Nilifungua sipiyu kwa bisibisi ya Baba, kwa utaratibu uleule niliofundishwa. Ile dawa nyeupe ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali. Nikaikwangua. Nikachovya kidole kwenye chupa ya Bibi, mawese ya kijiji cha Simbo, yale mazito yenye moshi kwa ndani, nikampaka prosesa. Punje ya mchele niliiona ni uchoyo, kwa hiyo nilipaka kipimo cha mtu mzima. Na kwa kuwa feni lilikuwa likilia, nikalipaka na lenyewe, katikati, na kwenye zile mbavu za shaba, mpaka likanyamaza. Nikafunika, nikarudisha ndege wawili mahali pao. Ikawaka. Siwadanganyi, iliwaka na ikafanya kazi siku kadhaa, ila sebule ilinuka kama kuna mtu anaunga maharage. Bibi alisema muvi zangu sasa zimekuwa na harufu ya nyumbani.

Iddi aliporudi, hakufika hata kukaa. Alisimama mlangoni, akanusa, akaifuata harufu mpaka kwenye sipiyu. Alipoifungua akacheka. Hakucheka kama mtu anayemcheka mdogo wake, alicheka kama aliyeokota kitu. Akaita nyumba nzima, akaita majirani, akawaonyesha kwa tochi ya simu. "Baba mdogo, njoo uone, mtoto ameiunga kompyuta. Bado chumvi." Watu wakashika mbavu. Hata Bibi alicheka, ingawa yeye hakuelewa kosa liko wapi.

Kesho yake alibeba sipiyu kwenda nayo mjini, akasema anaenda kuangalia kama kuna kinachookoleka. Alirudi nayo imefungwa vile vifaa vya zamani alivyokuwa amevitoa mwanzo. Akaweka uso wa msiba. Vipya vyote vimeungua, akasema, RAM, prosesa, mpaka feni, mafuta yameingia kila mahali. Havifai hata kwa chuma chakavu, amevitupa ziwani. Baba hakunichapa. Laiti angenichapa. Alisema tu, "Kuanzia leo ile mashine usiiguse," akatoka kwenda Bangwe bila kunywa chai.

Basi nikawa Fundi Mawese. Jina lile Iddi alilipeleka dukani, kisimani, madrasa, shuleni. Nikiingia darasani wenzangu wanavuta pumzi kwa pua na kuuliza leo kimeungwa nini. Mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye tai, aliniita hivyo na akaliandika ubaoni akitabasamu. Lakini kilichonikaba zaidi ni Bibi. Jioni anakaa kwenye kigoda chake mbele ya televisheni, anauliza, "Na yule jenerali, alishawaanua dagaa?" Mimi nakaa mlangoni, mikono nimeikalia.

Niliamini kila kitu. Siku moja nilitoroka nikaenda Katonga, mwaloni wavuvi wanakoshushia samaki, nikaanza kutembea ukingoni natazama majini. Nilidhani kama ziwa limewahi kurudisha ndala yangu, linaweza kurudisha na prosesa. Palikuwa na mama mmoja mchuuzi, Mrundi aliyehamia kwetu zamani, anachambua dagaa. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikamweleza yote, mpaka umbo la feni na mabomba yake ya shaba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, mtu wa kwanza kunisikiliza hivyo.

"Hapa nyavu zinaleta kila kitu, mwana wanje," akasema. "Chupa, kiatu, hata sufuria ya watu. Shaba ikianguka hapa, wavuvi wangegombana. Mbona sijasikia ugomvi?"

Niliondoka na swali lile mfukoni. Sikujua bado la kulifanyia nini, lakini lilikuwa linanichoma.

Jibu la kwanza lilikuja siku ya kufua. Mama alivua vitambaa vyote sebuleni, akavianika, na siku hiyo kaka yangu mdogo alicheza gemu kwenye ile kompyuta ya kizee kutwa nzima, jua kali, bila kuzima. Jioni kitambaa kikarudi. Kesho yake ikazima kabla ya adhuhuri. Nikakaa chini nikawatazama wale ndege wawili. Sikuwa nimeiua mimi. Wala mawese hayakuiua. Tulikuwa tumemfunika mtu gubigubi kiangazi halafu tunashangaa ana homa. Nikafungua mdomo nimwambie Mama, nikaufunga. Kuna maarifa ambayo hayafai kutumiwa siku ileile.

Jibu la pili lilikuja kwa pua. Iddi alikuwa amefungua chumba cha gemu karibu na sokoni, kompyuta moja tu lakini inakimbia kama imefukuzwa, na mtaa mzima ulikuwa unampigia saluti. Alisema amekopeshwa na rafiki. Mimi nilikatazwa kuingia. "Fundi Mawese akae dirishani," alitangaza mbele ya watoto wote, "tusije tukala kompyuta kwa wali." Nikakaa dirishani, nyuma kabisa ya sipiyu yake, pale upepo wa feni unapotokea. Chumba kilikuwa kimejaa, joto limepanda. Na ule upepo ukanipiga usoni, wa vuguvugu, una moshi kwa ndani.

Mawese ya Simbo. Ya Bibi.

Mngekuwa nyinyi mngepiga kelele. Mimi nilinunua ubuyu nikaenda nyumbani. Kama ningesema siku ile, ingekuwa neno la mtoto mwenye jina baya dhidi ya kijana mwenye miwani. Angelifuta lile feni kwa petroli usiku huohuo na ningeongezewa jina lingine. Nilitaka Baba awepo. Nilitaka na mwalimu wa hesabu awepo. Nilitaka chumba kiwe na watu kiasi kwamba mtu akitaka kukimbia akose pa kupita.

Nikasubiri kwa adabu ya ajabu. Nilikuwa namwamkia Iddi kila asubuhi kwa kuinama. Mpaka akatangaza fainali ya mashindano ya gemu ya mpira, mchana wa Jumapili, wageni rasmi wamealikwa: mwenyekiti wa mtaa, walimu, na Baba akae kiti cha mbele, kwa kuwa ndiye aliyemlea hapa mjini. Nikamwendea Mama, nikamwambia jambo la kweli kabisa, kwamba ni aibu shughuli kubwa kama ile mbele ya watu wazima na kompyuta ya mtoto wetu iko uchi. Mama alishika kiuno. Wazo lilimwingia kama sindano kwenye kitambaa. Alivua wale ndege wawili, akawafua, akawapiga pasi, na Jumapili mimi ndiye niliyewabeba mkononi kama Msahafu.

Iddi aliponiona mlangoni alitaka kunifukuza. Mama alikuwa nyuma yangu. "Iddi mwanangu, nimekuletea heshima," akasema, na watu wakapiga makofi. Angesema nini? Kitambaa cha mama yako mdogo, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, unakikataa kwa mdomo gani? Nilikitandaza mwenyewe juu ya sipiyu yake. Nikakishusha mbele, nikakishusha nyuma, nikakivuta pembe mpaka chini, nikazibana zisipeperuke. Nikarudi nikakaa sakafuni miguuni pa Bibi, aliyekuja kwa sababu niliahidi kumsimulia mchezo.

Kipindi cha kwanza kilipita salama. Cha pili feni lilianza kunguruma. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyenusa mwanzo, nikamwona anavyogeuza pua, akamuuliza jirani yake kama chakula kiko tayari. Harufu ikatambaa safu kwa safu. Wengine walianza kusifu, wakisema kweli Iddi ni kijana wa watu, mashindano na msosi juu. Iddi alikuwa amesimama pembeni, miwani usoni, jasho linapita chini ya miwani. Mkono wake ulikuwa unaenda kwenye kitambaa na kurudi, unaenda na kurudi, na macho ya Mama yanaufuata.

Ndipo nikauliza, kwa ile sauti yangu ya binti mfalme, taratibu, ya kusikika mpaka nje: "Kaka Iddi, leo kimeungwa nini?"

Kioo kikawa cheusi.

Watu walicheka kwa sababu walidhani ni mimi ninayejitania. Baba hakucheka. Baba ameishi na mashine, anajua harufu inatoka wapi na kwa nini. Aliinuka, akamkabidhi Mama kitambaa chake kimekunjwa, akatoa bisibisi mfukoni, maana Baba bila bisibisi ni kama mtu bila suruali. Iddi akaanza kusema Baba mdogo subiri, ni ya rafiki yangu, mwenyewe hataki ifunguliwe. Baba aliendelea kufungua. Feni lilitoka na mabomba yake ya shaba, na katikati ya zile mbavu, pale ambapo kitambaa cha kufutia hakifiki, mawese yalikuwa yamekaa, mekundu, yameshika vumbi kama sharubu. Alipitisha kidole, akanusa, akampelekea Bibi. Bibi hakuhitaji hata kusogeza uso. Akaniuliza kwa nini chupa yake ilikuwa inapungua.

Baba alilishika lile feni juu watu wote walione. Kisha akamtazama mtoto wa kaka yake, akasema polepole, "Iddi. Kumbe vile ulivyovitupa ziwani vilijua kuogelea."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na mimi kicheko ndicho ninachokitafuta maishani. Mwalimu wa hesabu alikuwa amejifunika uso kwa tai. Niliinuka nikasimama mbele yake mpaka aliponitazama, nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nikasubiri. Aliitikia marahaba na jina langu, lile la kuzaliwa.

Hukumu ya Baba ilikuwa fupi. Vifaa virudi nyumbani siku hiyohiyo, na wa kuvifunga ni mimi. Basi nilitandika gazeti sakafuni. Nilisafisha shaba kwa spiriti mpaka ikang'aa, nikabana prosesa, nikaingiza RAM mpaka zikalia ta, ta. Iddi alikaa mbele yangu ameshika kifuniko cha skrubu, miwani ameivua, macho yake ni madogo kuliko nilivyodhani. Akaniminyia ile dawa nyeupe kwenye prosesa, ikatoka nyingi.

"Kidogo tu, kaka," nikamwambia. "Kama punje ya mchele."

Mama aling'ang'ania kitambaa kirudi, tukagombana wiki nzima, akashinda nusu: sasa kinakaa juu ya kioo, sipiyu inapumua. Yule jenerali alipata kuwaanua dagaa wake, na Bibi alimsikia akiwaanua, na akacheka, kabla hajatutoka. Jina la Mawese nalo halikupotea, maana majina ya mtaani hayafi, yanahama tu. Lilimfuata Iddi mpaka Kasulu. Juzi wajomba wa mchumba wake walifika hapa, na mmoja akauliza njiani nyumba ya kina Iddi Mawese ni ipi, akaelekezwa bila kukosea.

Na zawadi yangu ya harusi iko tayari hapa kitandani. Ni kitambaa cha kufunikia televisheni, cha njano, nimekishona mwenyewe kwa mkono, binamu zangu wanasema ni kizuri kuliko vyote vya Mama. Nimeweka ndege wawili wanaotazamana. Pindo la chini nimelichovya kidogo kwenye sufuria ya huko uani, mahali ambapo televisheni itakuwa inapata joto. Kidogo tu.